Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini tujue ametumwa na nani

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huku kwetu kaskazini mwa Uganda, kuanzia Gulu hadi mpakani Elegu, methali hii tunaiona kwa macho kila mwaka. Basi linasimama, anashuka kijana mwenye begi kubwa mgongoni, godoro limekunjwa na kufungwa kamba, na koti jeupe liko ndani ya mfuko wa plastiki ili lisishike vumbi. Mkononi ana barua ya shule. Anauliza njia ya kwenda kituo cha afya. Huyo ni mwanafunzi wa udaktari, au wa uuguzi, ukunga, utabibu au maabara, aliyeletwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Watu wa sokoni huwaita watoto wa fildi.

Ndugu msomaji, leo naomba tuzungumze juu ya watoto hawa, kwa sababu mimi nina deni kwao na nina ugomvi na wale wanaowatuma.

Deni lenyewe ni hili. Mwezi wa Agosti mwaka 2019, mke wa ndugu yangu, ambaye huuza samaki wakavu mpakani, alishikwa na uchungu usiku wa mvua. Tulimpeleka kwa bodaboda kwenye kituo cha afya ambacho sitakitaja. Mkunga wa kituo alikuwa mjini kwenye semina ya siku mbili. Tabibu alikuwa likizo. Tulimkuta mlinzi na wanafunzi wawili: binti wa ukunga wa mwaka wa pili, mtu wa magharibi mwa nchi, na kijana wa maabara ambaye kazi yake usiku ule ikawa kushika tochi. Mtoto alizaliwa salama kabla ya saa tisa usiku. Kisha damu ikaanza kumtoka mama, na haikukatika.

Nasema kwa haki kwamba yule binti alijua la kufanya. Alichoma sindano ya oksitosini, akasugua tumbo, akatoa mkojo kwa mpira, akamweka mtoto kwenye titi la mama yake. Damu iliendelea. Hapo akanigeukia mimi, mtu ambaye sijui hata kupima homa, akaniuliza, "Mzee, nimpigie nani?" Katika barua yake palikuwa na namba moja tu, ya ofisi ya shule, na ofisi ya shule hailali kazini. Simu ya mkuu wa kituo ilikuwa imezimwa. Mwishowe alimpigia mwanafunzi mwenzake aliyekuwa zamu katika hospitali moja ya mbali. Yule mwenzake akamwamsha mkunga mzee, na mkunga huyo, ambaye hatukumwona na hatutamwona, akamwelekeza kwa simu jinsi ya kuubana mji wa uzazi kwa mikono miwili na kutoachilia mpaka gari lipatikane. Gari lilikuwa pikapu ya mama mmoja wa sokoni, iliyokuwa imepakiwa makreti ya nyanya kwa ajili ya soko la asubuhi. Makreti yaliteremshwa matopeni. Binti alipanda nyuma pamoja na mgonjwa, mikono ikiwa pale pale, mpaka hospitali yenye damu.

Shemeji yangu yu hai, na mtoto sasa anasoma. Lakini wiki tatu baadaye yule binti alipokea barua ya onyo kutoka shuleni kwake kwa kosa la kufanya kazi ambayo mwanafunzi haruhusiwi kuifanya bila msimamizi. Barua hiyo niliisoma kwa macho yangu. Waliomwandikia walikuwa na haki kwa mujibu wa kanuni. Walichosahau kusema ni kwamba msimamizi hakuwepo, na kwamba wao ndio waliomleta mahali hapo bila ya kuuliza kama yupo.

Huo ndio ugomvi wangu.

Sasa nikupeleke upande wa pili. Mwaka uliofuata nililazwa katika hospitali moja kubwa ya mjini kwa ajili ya ngiri. Asubuhi daktari alipofika kitandani kwangu aliandamana na wanafunzi kumi na mmoja. Niliwahesabu, kwani mgonjwa hana kazi nyingine. Sare zao zilikuwa za rangi tatu, maana yake shule tatu zilikuwa zimewaleta wanafunzi wao katika wodi ile ile, wiki zile zile. Wa mbele waliona na kugusa. Wa katikati waliona mgongo wa wa mbele. Wa nyuma waliandika walichosikia, na wawili kati yao nadhani walikuwa wakiandika ujumbe wa simu. Siku moja kabla ya kulazwa nilikuwa nimepita kwenye kile kituo cha mpakani nikakuta muuguzi mmoja, wagonjwa wamejaa mpaka chini ya mwembe, na hakuna hata mwanafunzi mmoja. Miezi miwili baadaye shule zilipofunga nilipita tena nikawakuta wanane kwa mpigo, hawana pa kulala, wawili wamejibanza katika stoo ya vyandarua. Ni kiangazi, halafu ni mafuriko. Watu wa Elegu tunaojua tabia ya mto Unyama hatuhitaji kufafanuliwa.

Huenda msomaji akadhani kwamba hili ni tatizo la uhaba wa fedha, kama tulivyozoea kusema juu ya kila jambo. Fedha ni haba, ndiyo, lakini chanzo cha jambo hili ni kwamba mwanafunzi ana mabwana watatu wasiosemezana. Vyuo vikuu na shule za uuguzi na ukunga viko chini ya Wizara ya Elimu. Hospitali za rufaa ziko chini ya Wizara ya Afya. Vituo vya afya vya daraja la pili, la tatu na la nne, ambavyo ndivyo vilivyo karibu na sisi, viko chini ya serikali za wilaya. Hospitali za misheni zina wenyewe. Shule inaandika barua kwa kituo inachokijua, mara nyingi kwa sababu mwalimu fulani alisoma na mkuu wa kituo hicho. Shule nyingine inaandika barua kwa kituo hicho hicho. Wilaya inapata habari wanafunzi wakishafika, au haipati kabisa. Hakuna aliyevunja sheria, na kila mmoja ana nakala ya barua yake kwenye faili.

Si kwamba nchi hii haijui kazi hii inavyopaswa kufanywa. Kwa miaka mingi daktari wa Uganda alifundishwa Mulago tu, tangu shule ya udaktari ya Makerere ilipoanza mwaka 1924, na aliyefundishwa Mulago alijifunza pia kuishi Kampala. Chuo cha Mbarara kilipofunguliwa mwaka 1989 kilianza na shabaha ya kuwaelekeza wanafunzi vijijini. Makerere yenyewe ilibadilisha mtaala mwaka 2003, na wanafunzi wake wakaanza kupelekwa kwa vikundi vidogo kuishi karibu na vituo vya afya na kujifunza huko. Mwaka 2004, wakati watu wetu wengi wakiwa bado kambini na magari yakisafiri kwa msafara wa askari, Chuo Kikuu cha Gulu kilifungua shule ya udaktari. Wako waliocheka. Nani atafundisha udaktari kwenye vita? Lakini Hospitali ya Lacor ilikuwa ikitibu watu wakati wote huo wa vita, na wanafunzi wakaingia wodini humo na katika ile ya serikali mjini Gulu, na wakatumwa kwenye vituo vya pembeni tangu mwanzo. Busitema ilifuata mwaka 2013 kule Mbale.

Kuanzia mwaka 2010 vyuo vitano, yaani Makerere, Mbarara, Gulu, Busitema na kile cha Kampala International, viliunganishwa katika mradi mmoja kwa msaada wa Marekani, ambapo mafunzo ya vijijini yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyoshughulikiwa kwa pamoja. Ulikuwa mradi wa miaka mitano. Nilikutana wakati huo na wasimamizi wa vituo waliopewa mafunzo ya namna ya kumfundisha mwanafunzi bila kumwacha mgonjwa, na mpaka leo ukiingia katika kituo chenye mtu wa aina hiyo utaona tofauti, kwani mwanafunzi ana ratiba ukutani na ana mtu wa kumuuliza. Ila mradi ule ulikuwa wa vyuo vikuu. Shule za uuguzi na ukunga za ngazi ya cheti na diploma, ambazo ndizo zenye wanafunzi wengi zaidi na ambazo wahitimu wake ndio tunaokutana nao usiku, hazikuwa ndani yake. Na jambo linaloendeshwa kwa fedha za mradi lina tarehe ya kufa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo yake mwaka 2010, na kuipitia upya mwaka 2021, juu ya namna ya kuwapata na kuwabakiza wafanyakazi wa afya vijijini. Limeshauri kuwachukua wanafunzi waliozaliwa vijijini, kujenga shule nje ya miji mikuu, na kuwapeleka wanafunzi wa fani zote kwenye maeneo ya mashambani wakiwa bado masomoni. Sababu yake inaeleweka hata bila miongozo. Mtu harudi kufanya kazi mahali alipolala stoo na kupewa barua ya onyo. Yule binti wa ukunga nilimuuliza, tukiwa tunasubiri nje ya hospitali alfajiri ile, kama angekubali kupangiwa kazi huku kwetu akimaliza. Alinitazama kwa heshima kama msichana aliyelelewa vizuri, hakusema kitu.

Kuna jambo zito zaidi, na hapa naomba wazee wa Gulu wanisaidie kukumbuka. Oktoba mwaka 2000, kabla ya yeyote kulitaja jina la ebola, waliokufa kwa namna isiyoeleweka pale Lacor walikuwamo wauguzi wanafunzi. Vifo vya wanafunzi hao ndivyo vilivyomfanya Dkt. Matthew Lukwiya, ambaye alikuwa Kampala kwa masomo, apigiwe simu arudi haraka. Alirudi, akasoma mafaili ya wagonjwa, akautambua ugonjwa kabla ya maabara kuthibitisha. Yeye mwenyewe ulimuua tarehe 5 Desemba mwaka huo. Mlipuko ule ulipata watu 425 na kuua 224. Miaka ishirini na miwili baadaye, Septemba 2022, ebola ilipotokea Mubende, madaktari waliokuwa kwenye mafunzo na wanafunzi waligoma kuingia wodini wakidai vifaa vya kujikinga, na daktari kutoka Tanzania aliyekuwa nchini kusomea upasuaji aliambukizwa akafariki. Wako waliowaita waoga. Mimi nauliza swali jingine: katika daftari la nani wale wanafunzi walikuwa wameandikwa? Hospitali inasema si waajiriwa wake. Shule inasema wako hospitalini. Mzazi anajua tu kwamba amelipa ada.

Hata bila ebola, kaskazini ndiko ambako homa ya ini aina ya B imeenea kuliko sehemu nyingine za nchi, na chanjo yake ipo, sindano tatu kwa miezi sita. Mwanafunzi anayekuja huku kushika damu ya watu hana budi kuwa amekwisha kuimaliza kabla hajapanda basi. Jambo hili halihitaji semina wala mfadhili. Linahitaji karani mmoja wa kuuliza, "Kadi yako iko wapi?" na kumrudisha asiye nayo.

Najua ninyi mliorudi mna neno la kusema, nami nimelisikia. Katika mkutano mmoja wa kijiji mzee aliyekaa kambini zaidi ya miaka kumi alisimama akasema: "Kule kambini tulihesabiwa, tukapimwa, tukapigwa picha, tukaandikwa. Sasa tumerudi kwenye ardhi yetu na bado mnatuletea watoto waje kujifunzia kwenye miili yetu. Kwa nini wasijifunzie kwa matajiri?" Watu walipiga makofi. Na mimi sikumlaumu. Tangu makubaliano ya kusitisha vita yalipotiwa saini Juba Agosti 2006 na watu wakaanza kurudi vijijini, mashirika yaliyokuwa yakitutibu kambini yalifunga mahema yake moja baada ya jingine, na kijijini tukakuta kituo chenye paa bila watu.

Lakini naomba tumjibu mzee yule kwa ukweli. Kila daktari na kila mkunga alijifunzia kwenye mwili wa mtu. Yule mkunga mzee wa kwenye simu naye siku moja alikuwa mwaka wa pili na mikono yake ilitetemeka. Matajiri nao hutibiwa na waliojifunzia kwa maskini. Tofauti iko kwenye jicho la mwalimu: mwanafunzi akigusa, je, yuko mtu nyuma yake wa kumwambia si hapo, ni hapa? Na iko kwenye ruhusa. Mgonjwa ana haki ya kuulizwa kama anakubali kuhudumiwa na mwanafunzi, na ana haki ya kukataa bila kununiwa. Sijawahi kuulizwa hata mara moja, si mjini wala mpakani. Wale kumi na mmoja hakuna aliyenisalimia.

Na kuulizwa kwenyewe kuna lugha yake. Kijana kutoka Ankole anajua Kinyankole, Kiganda na Kiingereza cha shule. Hapa Elegu wagonjwa ni Waacholi na Wamadi, ni akina mama wa Sudan Kusini wanaozungumza Kiarabu cha Juba, ni madereva wa malori kutoka Mombasa na Eldoret. Nimeshuhudia dereva Mkenya akimweleza mwanafunzi kwa Kiswahili fasaha mahali anapoumwa, na mwanafunzi akiandika "malaria" kwa kuwa hilo ndilo neno pekee alilolitambua. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii kwa katiba tangu mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kifundishwe kwa lazima mashuleni. Wako wanaokichukia kwa sababu ya askari na majambazi wa enzi zile, na sina nia ya kuwabembeleza leo. Ninachosema ni kwamba wiki mbili za Kiacholi cha wodini na Kiswahili cha wodini, yaani unaumwa wapi, tangu lini, una mimba ya miezi mingapi, zingeokoa sindano nyingi zinazochomwa bure.

Nije kwenye ninachokitaka. Kila wilaya ina ofisa mkuu wa afya. Ofisi hiyo ndiyo inayojua kituo gani kina mkunga na kipi hakina, nani yuko likizo na nyumba gani ya watumishi iko tupu. Hiyo basi ndiyo iwe mlango mmoja wa kuwapokea wanafunzi. Shule yoyote, ya serikali au ya mtu binafsi, chuo kikuu au cha cheti, isipeleke mwanafunzi katika kituo chochote cha wilaya bila kupitia hapo, na mwezi mmoja kabla ya muhula iletwe orodha. Ofisi iwe na kalenda moja ya mwaka mzima ukutani, ili wanane wa mwezi wa Desemba wagawanywe wawili wawili, na kituo kisicho na msimamizi kisipewe mtu hata kama kinalia. Nalisema hilo nikijua litawaudhi wakuu wa vituo, kwa sababu baadhi yao wamezoea kumwona mwanafunzi kama mikono ya bure, na siku akifika wao ndio wanapata nafasi ya kwenda mjini. Mwanafunzi akifika, mfanyakazi asiondoke. Semina ikija, mwanafunzi ahamishwe kituo cha jirani kwa siku hizo mbili.

Barua ya mwanafunzi iwe na majina mawili ya watu, si ya ofisi: mwalimu mmoja wa shuleni na msimamizi mmoja wa kituoni, pamoja na namba zao za simu zinazopokelewa usiku. Hapo pia paandikwe analoruhusiwa kufanya peke yake na lile ambalo lazima asimame nyuma ya mtu, kulingana na mwaka wake wa masomo, ili siku ya msiba asiadhibiwe kwa kanuni ambayo hakuwahi kuonyeshwa. Mwalimu wa shuleni afike kwa macho yake. Siku hizi lami imefika mpaka mpakani, na safari ya kutoka Gulu ambayo zamani ilimaliza nusu siku sasa haimshindi mtu aliyekunywa chai ya asubuhi.

Fedha zitatoka wapi? Mimi ninamlipia ada binti wa dada yangu anayesomea uuguzi, na kwenye karatasi ya ada pana mstari unaosema mafunzo ya vitendo. Nimeulizia katika vituo vitatu vya mpakani kama waliwahi kupokea chochote kutokana na mstari huo. Walicheka. Sehemu ya fedha hiyo imfuate mwanafunzi mpaka kituoni: boksi la glavu, kitanda, mafuta ya pikipiki ya msimamizi, posho kidogo kwake kwa kazi ya kufundisha ambayo haimo katika mshahara wake. Wizara mbili zikae mezani ziandike jambo hili kama kanuni, kwani wilaya peke yake haiwezi kuilazimisha shule iliyo Kampala. Na isingojwe fedha ya wahisani. Tuliona mwaka 2023 madaktari waliohitimu wakikaa nyumbani miezi wakisubiri kupangiwa hospitali za mafunzo, wakati wodi ziko wazi, kwa sababu bajeti ya posho haikutosha. Kama hilo linatokea kwa daktari aliyemaliza, sembuse mtoto wa cheti.

Sisi wafanyabiashara wa mpakani nasi tusikae kama watazamaji. Tunapofunga duka kumpeleka mtoto Gulu tunapoteza siku mbili za biashara, na nyanya hazisubiri. Kamati ya soko inayoweza kuchangisha kwa ajili ya mashindano ya mpira inaweza pia kukodi vyumba viwili vyenye kufuli kwa ajili ya wanafunzi wa kike. Mama mwenye pikapu, niliyesema habari zake, alipoteza karibu nusu ya nyanya zake usiku ule, na hakuna aliyemlipa mpaka mume wa mgonjwa alipouza mbuzi wawili. Wenye magari waandikishe namba zao kwenye kituo na makubaliano ya nauli yafanywe mchana, kabla ya shida.

Na viongozi wa vijiji vya waliorudi wadai kuwamo. Wanafunzi wa vyuo vikuu huandika ripoti juu ya visima vyetu, vyoo vyetu na watoto wetu wasiopata chanjo, kisha ripoti inapanda basi pamoja nao. Isomwe kwanza kijijini, kwa lugha yetu, kabla ya kupelekwa kwa profesa. Mzee yule wa kambini ana haki ya kujua aliandikwa nini.

Wiki iliyopita binti wa dada yangu amepokea barua yake. Anapelekwa kwa wiki nane katika kituo kilicho upande wa pili wa mto Nile, mahali ambapo hana ndugu. Dada yangu ameniletea barua niisome. Jina la shule lipo, muhuri upo, tarehe ya kuripoti ni Jumatatu. Penye jina la msimamizi wa kituo pamechorwa mstari wa nukta na hapajaandikwa kitu. Nimewapigia shule mara mbili. Nimeambiwa nipige tena Jumatatu.